Gari Jekundu na Neno la Mke

Haya, tulieni basi! Wiki nzima mmenipigia simu, mmenitumia ujumbe, na mmoja wenu kanivamia kwa kinyozi nusu ya kichwa ikiwa bado ina nywele. Swali lenu ni lile lile: gari ni la nani? Sikumjibu mtu. Leo nawajibu wote, ila mkimaliza kusoma msije kunilaumu kwamba nimewaharibia siku.

Tulimwacha Fundi, yule mama anayeshona viti vya magari, amepiga magoti kwenye ua wa karakana yake, mbele ya gari jekundu la spoti, milango miwili. Viti vyake vimeshang'olewa, ngozi ya zamani imeshakatwa. Aliyelileta ni Turubai, fundi mwenzake wa upande wa pili wa mji. Turubai hana cherehani ya ngozi nene, kwa hiyo kazi zote za ngozi humpelekea Fundi. Alikuwa amesimama pale akitoa maagizo ya mteja:

"Kiti cha dereva, upande wa kushoto uinuke vidole viwili. Na mgongoni, chini kabisa, weka mto mdogo wa nusu mviringo."

Hapo ndipo mkasi ulipomponyoka Fundi.

Mto ule, wasomaji wangu, hauuzwi dukani. Kabla ya siku hiyo ilikuwepo miwili tu duniani, mmoja kwenye kiti cha sebuleni kwa Fundi, mwingine kwenye gari la shule ya udereva. Yote miwili aliishona yeye kwa ajili ya nyonga mbovu ya mume wake, Mwalimu Breki, mtu aliyezeeka akiwa amekaa upande wa abiria, amejipinda kumtazama mwanafunzi, mguu wake juu ya breki ya pili. Jina hilo alipewa na mtaa mzima, kwa sababu hata mezani mtoto akizidisha chumvi, yeye hupiga kelele, "Breki!"

Na ni huyu huyu Mwalimu Breki aliyegombana na mkewe mwezi mzima juu ya gari la spoti. Fundi alitaka gari la kubebea viti. Akaomba na kufundishwa kuliendesha, akajibiwa, "Mke wa mwalimu ana haraka gani?" Ugomvi ulipowachosha, mume alimshika mkono, akaapa kwamba spoti ameitoa moyoni. Fundi akalia kwa furaha. Alimwamini!

"Mwenye gari ni nani?" Fundi aliuliza.

"Aa, Fundi mwenzangu, sheria yetu unaijua. Kazi ya kupewa, mwenyewe haulizwi."

"Leo nauliza. Ni mwalimu wa udereva?"

Turubai akajikuna shingo. Mtu mwenye jibu la hapana hajikuni shingo.

"Jina silijui. Alikuja akifuatwa na gari la shule, lile lenye kibao juu ya paa. Alisisitiza kazi nifanye mwenyewe, kwangu, gari lisionekane huku kabisa. Sasa ningefanyaje, na cherehani unayo wewe?"

Mnaona mambo hayo? Mwanamume kavuka mji mzima kumkwepa mkewe, hajui kwamba ngozi yote ya mji ule huishia kwenye sindano ya mkewe. Miaka yote anakula jasho la cherehani ile, hajawahi kuuliza kazi zinatoka wapi.

"Na kiti cha abiria?"

"Kishushwe. Mama amesema miguu yake haifiki chini."

"Mama gani?"

"Mke wake, nani mwingine! Walikuwa wote. Mama mfupi, mcheshi kweli kweli, anacheka hata hujamaliza kusema."

Fundi ni mrefu. Akikaa kwenye gari dogo magoti yanagongana na kidevu. Akajishika kwenye mlango wa gari lile lile.

"Fundi, kuna nini?"

"Nenda tu, Turubai. Nitakupigia."

Turubai alikuwa mwanamume mwenye akili. Aliondoka bila kuaga mara mbili.

Fundi akachukua simu.

"Baba watoto, uko wapi?"

"Barabarani, na mwanafunzi. Breki! Breki, dada yangu, huyo ni mbuzi siyo tuta! Ehe, mke wangu, unasemaje?"

"Nimekaa nikaliwaza lile gari lako la spoti."

Akashusha sauti.

"Mama watoto, si tulishamalizana? Mtu mzima mimi, spoti ya nini?"

"Kwa hiyo hulitaki tena?"

"Haki ya Mungu, hata nikipewa bure."

Alisema bila kukwama hata neno moja, kwa sauti ile ile laini ya siku alipomshika mkono. Hilo ndilo lililomkata Fundi maini. Kama siku hii anadanganya hivi, basi na siku ile ilikuwaje?

"Pita hapa karakana," Fundi alisema. "Kuna kitu nataka ukione."

"Napita sasa hivi, mpenzi."

Mpenzi! Haya.

Fundi akaenda kulia pale alipozoea kulia. Ndani ya karakana kulikuwa na mtu mmoja aliyemwamini kuliko wote, naye ni wifi yake, dada wa Mwalimu Breki. Wifi huyu alikuja pale hajui hata kushika mkasi. Fundi akamfundisha kupima, kuchora kwa chaki, kukata ngozi bila kupoteza kipande. Sasa Wifi anakata, Fundi anashona. Wamekula sahani moja, wameuguziana watoto. Wifi alikuwa kwenye meza yake ya kukatia kama kawaida, huko ndani ambako Turubai, anayeshushia kazi zake uani, hajawahi kuingia, juu ya stuli aliyoiongezea sponji tatu, miguu inaning'inia.

Naam. Wenye macho mmeshaona. Fundi hakuona, maana nani anamtafuta mwizi kwenye sahani yake mwenyewe?

"Wifi, nimekwisha," Fundi alisema, akamwangukia begani. "Kaka yako amenunua lile gari. Ndilo lile pale uani. Na ana mwanamke."

Chaki ikavunjika mkononi mwa Wifi.

"Mwanamke? Hapana! Kaka hana mwanamke, wifi, naapa!"

"Wewe umejuaje?"

"Si namjua kaka yangu."

"Ameonekana naye. Anaitwa mke wake mbele za watu. Mimi nipo hapa navuja jasho, mwenzangu anashushiwa kiti!"

 Wifi akampangusa Fundi machozi kwa ncha ya kanga yake mwenyewe. Wasomaji, kumbukeni kitendo hicho, maana mimi kila nikikikumbuka nasikia kichefuchefu.

"Hodi humu!"

Aliyeingia ni mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, kiunoni kaning'iniza tepu ya kupimia. Hakungoja karibu. Akaikunjua tepu na kuanza kupima mlango.

"We baba, unapima nini?" Fundi aliuliza.

"Samahani, dada. Mimi ni dalali wa magari na majumba. Mwalimu aliniambia nije wiki ijayo, lakini mteja wangu ana haraka ya kujua kama lori lake litaingia. Nyinyi endeleeni tu na kazi. Nyinyi ndio wapangaji, sivyo? Aliniambia mmeshapewa taarifa ya kuhama."

Fundi alicheka. Kuna kicheko hutoka mtu akikosa kitu kingine cha kutoa.

"Kuhama kwenda wapi? Karakana hii ni yangu."

"Ya Mwalimu, dada. Hati ina jina lake."

Hati ilikuwa na jina lake kweli. Siku waliponunua, Fundi alikuwa hospitali akijifungua, mume akaenda kuandikisha peke yake, akarudi na mkungu wa ndizi na busu la paji la uso. Nani angehoji?

"Baba, nieleze taratibu," Fundi alisema. "Umepewa karakana hii?"

"Tumebadilishana. Mimi nimetoa gari jekundu lile la hapo uani, yeye kanipa karakana. Biashara safi. Mimi si mtu wa ujanja ujanja, nilimwambia wazi, mali ya ndoa siigusi mpaka nimsikie mkeo kwa masikio yangu. Akamleta ofisini. Akasema ndiyo, tena kwa kicheko."

"Mke yupi?"

Dalali akageuka kumtafuta mtu mwenye busara wa kuongea naye. Macho yake yakaangukia meza ya kukatia. Uso wake ukachangamka.

"Aa! Kumbe mama mwenyewe yupo! Shemeji, mbona umekaa kimya? Hebu waeleze hawa wapangaji wako!"

Cherehani ilikuwa imezimwa. Feni ilikuwa imezimwa. Wifi alikuwa juu ya sponji zake tatu, miguu inaning'inia, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa anacheka.

"Wifi?" Fundi alisema.

Wifi akashika mkasi.

"Wifi yangu?"

"Kaka aliniomba," Wifi alisema akitazama mkasi. "Ningemkatalia vipi? Damu ni damu."

"Na mimi ni maji?"

"Usinifanye nijisikie vibaya, wifi! Miaka yote nakata hapa. Mteja akija, anamshukuru nani? Fundi! Mikono ya Fundi, sindano ya Fundi. Mimi ni nani? Kaka alisema akipata gari lake atanikalisha mbele, anizungushe mji mzima. Mbele! Mimi ambaye kila siku nasafiri nyuma na maviti!"

"Ungeniambia unataka kushona, ningekufundisha kushona."

"Sikutaka kufundishwa tena na wewe."

Neno hilo lilimwingia Fundi kuliko yote yaliyotangulia. Mchepuko angeweza kumchukia bila shida, kwa sababu mchepuko ni mtu baki. Huyu alimpangusa machozi sasa hivi tu! Aligeuka asionekane uso wake, akakuta anatazamana na viti viwili vilivyochunwa ngozi.

Nje gari lilipiga honi, likatikisika, likazima. Hivyo ndivyo gari la shule ya udereva linavyofika mahali. Kwenye usukani alikuwa muuguzi wa zahanati ya jirani, bado na sare zake, mikono miwili imeng'ang'ania. Mwalimu Breki alishuka upande wa pili akitabasamu.

"Klachi taratibu, dada, ningoje hapo hapo. Mke wangu! Kuna kitu gani cha ku..."

Akaliona gari. Akamwona dalali. Akamwona dada yake. Tabasamu likadondoka kidogo kidogo.

"Mwalimu," dalali alisema, na sauti yake haikuwa tena ya biashara, "mke wako ni yupi kati ya hawa?"

Mwalimu Breki akamvuta dalali mkono.

"Tusiongelee hapa, mbele za watu."

"Watu umewaleta wewe," Fundi alisema. "Umeuza karakana yangu?"

"Sijauza. Nimebadilisha. Karakana ni kuta nne tu, mama watoto, cherehani unaondoka nayo! Ningekutafutia mahali pazuri zaidi, nilitaka nikushtukize kwa..."

"Nimeshashtuka. Ulinishika mkono ukaapa."

"Kwa sababu ulikuwa unalia!" Sasa naye alipandisha sauti, na macho yakamjaa maji kweli. Sitaki kumwonea mtu, yalimjaa. "Unajua mimi ni nini? Mimi ni abiria! Nimefundisha mji huu wote kuendesha, madaktari, wachungaji, hata matapeli, wote wamenipita barabarani wananipungia mkono. Mimi nimekaa kushoto na breki ya watu wengine. Maisha yangu yote ni kusimamisha! Nilitaka mara moja tu niende. Nikakuambia. Ukasema hapana."

"Nilisema hapana," Fundi alijibu. "Ukaenda kutafuta mke mwingine wa kusema ndiyo."

 Dalali alitazama viatu vyake. Fundi akaendelea, polepole, na kila neno lilikuwa na uzito wake.

"Ungesema unaumia, ningekusikia. Ungepiga kelele, ningepiga kelele, tungenuniana hata mwaka, sisi ni mke na mume. Wewe umenifuta. Umenigeuza mpangaji kwenye jasho langu, ukampa dada yako jina langu alivae. Na gari lenyewe umetaka likae kama nyumbani, na mto wangu ndani! Karakana umeiuza, mto wake bado unautaka!"

"Dada, eh, mama," dalali alisema, akikohoa. "Mimi nimechezewa shere kama wewe. Sharti langu lilikuwa neno la mke. Mke kama ni wa bandia, biashara haipo. Nirudishieni gari langu leo, karakana inabaki kwako, tusijuane. Viti utanishonea baadaye, siwezi kukudai kwa kilichokatwa bila kujua."

Fundi akamgeukia dalali.

"Chukua gari lako."

"Lakini nisikilize vizuri. Nikikosa gari, nashikilia karakana. Siwezi kupoteza vyote viwili. Sheria itaniangalia mimi nina hati aliyonikabidhi mumeo, wewe una machozi."

"Limesimama hapo, baba. Ngoja nikupe funguo."

Funguo za magari ya wateja hutundikwa kwenye msumari, pembeni ya meza ya kukatia. Fundi alinyoosha mkono bila hata kutazama, kama anavyofanya kila siku.

Msumari ulikuwa mtupu.

Na stuli yenye sponji tatu ilikuwa tupu.

Injini ikanguruma uani. Siyo kikohozi cha gari la shule, hapana, mngurumo ulioamsha vumbi na kuku wa jirani. Fundi alitoka mbio. Ndani ya gari jekundu lisilo na viti, Mwalimu Breki alikuwa amekaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa, magoti masikioni, mikono kwenye usukani.

"Baba watoto! Zima!"

"Nitazunguka mara moja tu!" alipiga kelele. "Mara moja, mama watoto, halafu nalirudisha!"

"Ukitoka nalo getini, karakana imekwenda! Umemsikia mwenyewe!"

"Nitarudi!"

"Breki!" Fundi alipiga kelele. "Mume wangu, breki!"

Mwanamume yule aliyelitamka neno hilo maisha yake yote, leo aliambiwa yeye. Alimtazama mkewe. Sekunde hiyo Fundi alidhani amemrudia, akapiga hatua moja mbele. Gari likaanza kwenda.

Lakini geti lilikuwa limefungwa, na kwenye geti alikuwa amesimama Wifi, mkono wake juu ya komeo.

"Wifi," Fundi alisema, na hakukuwa na hasira tena kwenye sauti yake, alikuwa anaomba. "Wifi yangu, nakuomba. Usifungue."

Wifi alimtazama.  Pale uani, kwenye ukuta, bado kulikuwa na alama za chaki za siku ya kwanza Fundi alipomfundisha kuchora mstari ulionyooka.

Akavuta komeo.

Gari jekundu lilipunguza mwendo mara moja tu, kumpakia. Wifi aliingia, akakaa sakafuni pale ambapo kiti cha abiria kilikuwepo. Alitaka kishushwe, kikashuka mpaka mwisho. Wakatokomea na vumbi lao.

"Mama," dalali alisema nyuma yake, taratibu, tepu ikijikunja yenyewe mkononi mwake. "Nitasubiri hapa mpaka jua lichwee. Kwa heshima yako tu. Likichwa, nabadilisha kufuli."

 Fundi alikuwa ameshavuka barabara, ameshafungua mlango wa gari la shule, ameshakaa kiti cha kushoto. Kiti kilikuwa kimeinuka vidole viwili, na mto wa nusu mviringo ukamchoma mgongoni. Kazi ya mikono yake, imeshonwa kwa mapenzi. Ndipo alipolia, mara moja, kwa sauti.

Muuguzi aligeuka kwa woga.

"Mwalimu ameenda wapi?"

"Washa gari."

"Mama, leo ni somo langu la tatu. Sijafika kwenye kona!"

"Mimi sijafika hata la kwanza. Mume wangu alisema sina haraka. Washa."

Gari likaruka, likazima. Mwisho wa barabara, kitu chekundu kilikata kona na kupotea. Muuguzi akawasha tena, jasho linamtiririka, gari likajongea, likaanza kushika mwendo.

"Breki iko kwako, mama! Hiyo hapo chini! Nikikosea ukanyage!"

Fundi alilitazama kanyagio lile, limelika upande mmoja kwa kiatu cha mume wake. Akautoa mguu wake pale, akaukunja chini ya kiti.

"Leo hakuna breki," alisema. "Kanyaga mafuta."